Msimamizi wangu aliniambia niandike "Hapana"

Shikamoo Mwalimu,

Huu ni mwezi wa nane tangu nipate leseni ya uwakala wa bima ya maisha. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kazi, kwa hiyo hii niliipokea kwa mikono miwili. Msimamizi wangu amenitendea mema. Alinifundisha kuongea na wateja, alinipa nauli siku nilizokuwa sina, na mwezi wa kwanza nilipokosa hata mteja mmoja, yeye ndiye aliyenitetea kwa meneja. Nayasema haya mapema ili usimfikirie vibaya kabla hujanisikiliza hadi mwisho.

Kuna mama mmoja, nitamwita Mama N. Nilisoma na mwanawe wa kwanza, na mpaka leo ananiita mwanangu. Ana miaka 47. Miaka tisa iliyopita alikata bima ya maisha yenye akiba kwenye kampuni nyingine, na tangu hapo hajakosa kulipa hata mwezi mmoja. Nilipokwenda kumweleza bima yetu mpya alinionyesha ile hati yake ya zamani, ameihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akaniambia hana uwezo wa kulipia bima mbili.

Nilirudi ofisini nikamweleza msimamizi. Akasema hiyo ni kazi nyepesi: bima yetu ina mafao makubwa zaidi na ada ndogo kidogo, basi aivunje ile, achukue akiba yake, aanze na sisi. Tukarudi kwake pamoja. Tulipofika kwenye swali linalouliza kama mwombaji ana bima nyingine ya maisha, na kama hii mpya itachukua nafasi yake, msimamizi akaninong'oneza niandike "Hapana". Njiani akanieleza kwamba ukiandika "Ndiyo" fomu zinaongezeka, kampuni ya zamani inapelekewa taarifa, wanampigia mteja simu, na mteja anabadili mawazo. Alisema kila wakala anafanya hivyo.

Mama N. hakuisoma fomu. Alisema, "Wewe ndiye unayejua, mwanangu. Nionyeshe tu pa kusaini." Nikamwonyesha.

Kuna jingine dogo. Kwenye maswali ya afya alitaja kwamba ni mwaka wa tatu sasa anameza vidonge vya presha. Msimamizi akasema presha ya kawaida haina haja ya kuandikwa, tukaendelea.

Fomu ilipelekwa siku sita zilizopita na hati bado haijatoka. Nimeelekezwa nimpigie Mama N. nimwambie asimamishe makato ya benki ya bima ya zamani, ambayo hukatwa mwisho wa mwezi, yaani siku kumi kutoka leo. Kisha nimsaidie kuandika barua ya kuivunja, ila iwe kwa mwandiko wake na isitaje jina langu wala la kampuni yetu. Nimeishika simu mara kadhaa nikaiweka chini. Usingizi siupati.

Naomba uniambie: kanuni zinasema nini hasa kuhusu wakala anayemhamisha mteja kutoka bima moja kwenda nyingine? Je, kubadilisha bima ni kosa siku zote? Na nikisema ukweli sasa, si nitakuwa nimemchongea mtu aliyenishika mkono? Nina wateja wengine watatu ambao fomu zao zina "Hapana" ya namna hii.

Wakala Mchanga

* * *

Marahaba mwanangu.

Tuanze na simu, mengine yatafuata. Mpigie Mama N. leo umwambie asisimamishe makato na asiandike barua yoyote ya kuivunja bima yake. Akiuliza kwa nini, mwambie fomu ina makosa, wewe ndiye uliyeyaandika, na unakwenda kwake kuyarekebisha. Hayo yanatosha kwa simu. Bima ya zamani haiachwi mpaka ile mpya iwe imekubaliwa, hati imetoka, na mwenyewe ameisoma akaridhika nayo. Hapo katikati mtu anaweza kufariki, mwanangu. Familia ikikuta ya zamani imekufa na mpya haijaanza, hakuna barua ya rambirambi kutoka kwetu itakayowasaidia.

Sasa hilo uliloliita "jingine dogo". Nimelirudia mara tatu, na katika barua yako yote sijaona kubwa kuliko hilo.

Kama presha imegunduliwa miaka mitatu iliyopita, maana yake alipokata bima ya kwanza, akiwa na miaka 38, hakuwa na habari nayo. Kampuni ile ilimpokea akiwa mzima. Maradhi yaliyomjia baadaye hayabadilishi kitu, ahadi waliyompa iko pale pale na ada ni ile ile waliyokubaliana. Leo anabisha hodi kwa kampuni mpya akiwa na umri mkubwa zaidi na dawa anazomeza kila siku, na ninyi mmemwombea nafasi kana kwamba ni yule wa miaka 38.

Umefundishwa, natumaini, kwamba mkataba wa bima ya maisha huwa na kipindi cha mwanzo, katika nchi nyingi ni miaka 2, ambacho ndani yake kampuni ina haki ya kurudi kuyachunguza majibu ya fomu. Mteja akifariki katika kipindi hicho wanaomba kumbukumbu za hospitali. Wakikuta vidonge ambavyo fomu haikuvitaja wanaweza kuufuta mkataba na kurudisha ada tu. Bima ya zamani ya Mama N. ilishavuka kipindi hicho zamani. Ninyi mnamrudisha siku ya kwanza, na safari hii amebebeshwa uongo ambao kauli yake haikuusema: yeye alitaja vidonge, mikono yenu ndiyo iliyonyamaza. Lakini saini ni yake. Atakayebeba hati kwenda kudai ni yule mwanawe uliyesoma naye, na atakayeulizwa "mbona marehemu alificha?" ni yeye.

Na si kipindi hicho cha kuchunguza majibu ya fomu peke yake kinachoanza upya. Kipengele cha kifo cha kujiua, ambacho nacho hudumu mwaka mmoja au miwili tangu mkataba uanze, kinaanza tena. Vipindi vya kusubiri, kama vimo, vinaanza tena. Na akiba inaanza tena, jambo ambalo wateja wengi hawaelezwi kabisa. Katika bima yenye akiba, sehemu kubwa ya ada za miaka ya kwanza huishia kwenye gharama za kuufungua mkataba, kamisheni yetu ikiwemo. Ndiyo maana mtu akivunja bima mwaka wa pili hupata kidogo sana au hapati kitu. Mama N. alishazilipa gharama hizo, na miaka tisa hii ndiyo kwanza akiba yake imeanza kukua vizuri. Mkimhamisha atazilipa mara ya pili, na safari hii sehemu yake inaingia mfukoni mwako na mwa msimamizi wako. Nakwambia bila kukusudia kukuumiza. Nataka tu uione fedha ilivyopita, kwa sababu ukishaiona utaelewa kwa nini swali lile liliwekwa kwenye fomu.

Liliwekwa kwa sababu watu waliumia. Kuanzia miaka ya 1980 hadi katikati ya miaka ya 1990, mawakala wa kampuni ya Prudential nchini Marekani waliwashawishi wateja watumie akiba za bima zao za zamani kulipia bima mpya kubwa zaidi, na wengi waliambiwa hawatahitaji kutoa kitu mfukoni. Akiba zikakauka, wazee wakajikuta wanadaiwa ada ambazo hawakuzitarajia. Mwaka 1996 wasimamizi wa bima wa majimbo waliitoza kampuni hiyo faini ya dola milioni 35, na kesi ya pamoja ya wateja ikagusa mikataba zaidi ya milioni 10 iliyouzwa kati ya 1982 na 1995. Uingereza nako, kati ya 1988 na 1994, mamia ya maelfu ya wafanyakazi walishauriwa waache mifuko ya pensheni ya waajiri wao, iliyokuwa bora kwao, wahamie pensheni binafsi zilizouzwa na watu wanaolipwa kwa kamisheni. Fidia iliyolipwa baadaye ilipita pauni bilioni 11. Wengi wa mawakala wale hawakuwa majambazi. Walikuwa watu wa kawaida wenye malengo ya mwezi na msimamizi anayesema kila mtu anafanya hivyo.

Umeniuliza kanuni zinasema nini. Kila nchi ina zake, na za mamlaka inayosimamia bima kwenu lazima uzisome mwenyewe, kwa sababu leseni yako imefungwa nazo. Mimi nitakuonyesha kanuni ya mfano iliyoandikwa na chama cha makamishna wa bima wa Marekani, NAIC, ambayo majimbo mengi ya huko yameichukua na kuifanya yao. Naitumia kwa sababu imepita hatua kwa hatua, na utaona kwamba waliyokufanyisha yalishatabiriwa na waandishi wake.

Kwanza, wakala lazima aulize. Pamoja na fomu ya maombi hupelekwa tamko linalosema kama mwombaji ana bima nyingine au hana, na tamko hilo husainiwa na watu wawili, mteja na wakala. Saini ya wakala ipo ili kesho asiseme hakujua. Jibu likiwa "Ndiyo", wakala anatakiwa kumpa mteja ilani ya kubadilisha bima, siyo baada ya wiki, bali kabla au wakati ule ule fomu inapojazwa. Ilani inaorodhesha kila bima inayoguswa: kampuni gani, aliyekatiwa bima ni nani, namba ya mkataba ni ipi, na kama bima hiyo inaachwa au akiba yake inachukuliwa kulipia mpya.

Na ilani hiyo inasomwa kwa sauti. Mteja akitaka isisomwe ni haki yake, lakini anatia saini kwamba ni yeye aliyekataa. Mimi naipenda hatua hii kuliko zote. Kwa miaka niliyofundisha mawakala niliwalazimisha waisome kwa sauti darasani, wao kwa wao, na kila mara ukimya uliingia kwenye maneno yale yale: kwamba utaanza upya vipindi vya kusubiri, kwamba afya yako ya leo ndiyo itakayopimwa, kwamba ada ya mtu aliyeongezeka umri inaweza kuwa kubwa. Kuna mzee mmoja aliyesomewa na mwanafunzi wangu. Alimwambia, "Rudia hapo." Akarudiwa. Akasema, "Basi mwanangu, acha kwanza." Mwanafunzi alirudi ofisini mnyonge, akidhani amekosea. Nilimwambia kwamba siku ile ndipo alipoanza kuwa wakala.

Karatasi zote za mauzo zilizotumika kumshawishi mteja, pamoja na mahesabu yaliyochapishwa kwa ajili yake, huachwa mikononi mwake, na nakala hupelekwa kwa kampuni. Kampuni mpya ikishapokea fomu yenye "Ndiyo" ina siku 5 za kazi kuijulisha kampuni ya zamani. Hiyo nayo inamwandikia mteja kumkumbusha kwamba ana haki ya kupata maelezo ya thamani ya bima yake ilipofikia. Hati mpya ikimfikia, anayo haki ya kuirudisha ndani ya siku 30 na kurejeshewa ada yake yote bila kuulizwa sababu.

Sasa soma tena barua yako. Msimamizi alisema ukiandika "Ndiyo" kampuni ya zamani inapewa taarifa, wanampigia mteja, naye anabadili mawazo. Amekueleza kwa usahihi kabisa kazi ya ulinzi ule, kisha akakutaka uuzime. Mteja anayebadili mawazo baada ya kupata taarifa kamili hajaibiwa na mtu. Alikuwa anahitaji taarifa.

Kanuni hiyo haikuishia kuagiza, imetaja makosa yenyewe. Kutomuuliza mteja maswali yanayohusika ni kosa. Kuandika jibu lisilo sahihi kwa kusudi ni kosa. Kumshauri mteja ajibu "Hapana" ili kampuni ya zamani isipate taarifa ni kosa, limeandikwa hivyo hivyo. Hata ile barua ya kuvunja bima unayotakiwa kumsaidia kuandika, isiyotaja jina lako, imo: kumwelekeza mteja aiandikie kampuni yake kwa namna inayoficha wakala anayembadilishia bima. Sijui kama msimamizi wako amewahi kuisoma, lakini maagizo yake yanafuatana na orodha ile kipengele kwa kipengele.

Kuna kifungu kimoja zaidi, na hiki kinahusu wale watatu wengine. Mteja anaweza kusema "Hapana" kwa nia njema, kisha baadaye akaamua mwenyewe kuachana na ya zamani. Hiyo ni haki yake. Lakini hali hiyo ikijirudia kwa wateja wa wakala mmoja, hesabu hiyo peke yake inachukuliwa kuwa ushahidi wa mwanzo kwamba wakala alijua. Wewe una fomu nne katika miezi minane. Adhabu zinaanzia faini na kunyang'anywa kamisheni, zinafika kusimamishwa au kufutiwa leseni. Na leseni itakayoitwa mezani ina jina lako, kwa sababu mwandiko ni wako.

Usidhani pia kwamba unajiokoa ukisema mteja hakuivunja bima ya zamani, aliiacha tu. Kubadilisha hakuhitaji barua. Bima ya zamani ikiachwa ife kwa kutolipwa ni kubadilisha. Ikipunguzwa mafao ili ada ishuke, ikigeuzwa kuwa bima ndogo isiyolipiwa tena, akiba yake ikikopwa ili ilipie mpya, yote yamo. Wamefunga hata mlango wa kalenda: kwa bima mbili za kampuni moja, fedha ya mkataba wa zamani ikitumika kulipia mpya kati ya miezi 4 kabla ya mpya kuanza na miezi 13 baada yake, inahesabiwa kuwa ushahidi wa mwanzo kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Hilo ni kovu la miaka ile niliyokutajia.

Je, kubadilisha ni kosa siku zote? Hapana. Mtu aliyeacha kuvuta sigara miaka kadhaa iliyopita anaweza kupata ada nafuu zaidi kwa afya aliyonayo leo. Aliyeuziwa bima yenye akiba wakati alichohitaji ni kinga ya miaka kumi tu, mpaka watoto wamalize shule, huenda anabeba mzigo usio wake. Kuna bima zilizoandikwa vibaya, na kuna kampuni zinazoyumba. Nimewahi kushauri watu wabadilishe, na ningeshauri tena. Nilichokuwa nikidai ni kwamba faida ionekane kwenye karatasi baada ya hasara zote kuandikwa kando yake, na aliyeandika awe tayari kuisoma mbele ya wakala wa kampuni ya zamani bila kuinamisha macho.

Kwa Mama N. hesabu hiyo haikufanywa. Mwombe aiandikie kampuni yake ya sasa, au aende mwenyewe, apate taarifa ya bima ilivyo leo: mafao ni kiasi gani, akiba imefika wapi, akivunja leo anabaki na nini baada ya makato, akiendelea miaka mitano mingine itakuwa ngapi. Aulize pia kama akibanwa anaweza kupunguza ada au kuigeuza iwe bima ndogo isiyolipiwa tena. Aulize habari ya kodi, kwa sababu katika baadhi ya nchi akiba inayotoka kwenye bima iliyovunjwa hutozwa. Marekani kwa mfano, kifungu cha 1035 cha sheria ya kodi kinaruhusu thamani ya bima ihamie nyingine bila kodi wakati huo, lakini sharti ihame kama mabadilishano ya mkataba kwa mkataba. Mteja akipewa hundi mkononi kwanza, nafasi hiyo huwa amekwisha kuipoteza. Mambo ya namna hii hayajulikani na mtu aliyeambiwa "saini hapa".

Weka majibu hayo kwenye karatasi moja pamoja na ya bima yenu, lakini ya kwenu iandike kwa ada ambayo mtu wa miaka 47 mwenye presha atatozwa kweli. Ile ada "ndogo kidogo" ni ya mtu ambaye hayupo. Nakisia utakapomaliza hutahitaji kumshauri chochote, ataiona mwenyewe. Na kama kwenu kuna kitu kizuri kweli, anaweza kubaki na ya zamani na kuongeza kidogo siku uwezo ukiruhusu.

Urekebishaji wenyewe ufanye hivi. Nenda kwake na nakala ya fomu. Msomee maswali yale mawili, la bima nyingine na la afya, na majibu mliyoyaandika. Mwache aseme majibu yake. Andika fomu ya marekebisho, au barua kwa idara inayopitia maombi, ikitaja tarehe ya fomu ya kwanza, majibu yaliyokosewa na majibu sahihi. Yeye asaini na wewe usaini, kila mmoja abaki na nakala. Akisema ombi lote lifutwe, lifute siku hiyo hiyo na uombe arudishiwe alichokwisha kulipa. Hati ikitoka kabla hujafika, bado anazo siku za kuirudisha kwa mujibu wa sheria ya kwenu. Zihesabu tangu siku atakayoipokea.

Atakasirika? Huenda. Huenda akanyamaza, na hilo litakuwa gumu zaidi. Usimlaumu msimamizi mbele yake. Yeye hakumpa saini msimamizi, alikupa wewe.

Tuje kwa huyo msimamizi. Nimeusikia moyo wako na siudharau. Mtu aliyekupa nauli ulipokuwa huna anastahili usimsengenye, na anastahili kusikia kutoka kwako kabla ya kusikia kutoka kwa mwingine. Mwendee ana kwa ana. Mwambie unarekebisha fomu ya Mama N. na za wale watatu, na kwamba hutaandika tena jibu ambalo mteja hakulitoa. Huna haja ya kumhubiria. Akikubali, mmenusurika wote wawili. Baadhi ya wasimamizi huwa wanangoja mtu mmoja aseme, kwa sababu na wao walifundishwa hivyo na wa juu yao. Akikukataza, hapo shukrani imefika mpaka wake. Nauli ile ni deni lako, unaweza kuilipa. Akiba ya Mama N. si yako kulipia deni hilo.

Akikukataza, andika. Barua fupi kwa idara ya kampuni inayosimamia ufuataji wa sheria, yenye tarehe, namba za fomu na nini kimerekebishwa, bila sifa mbaya za mtu. Baki na nakala nyumbani. Kampuni ikikaa kimya, mamlaka ya bima ina dawati la malalamiko, na wakala anaruhusiwa kulifikia kama mteja. Nitakuwa mkweli, unaweza kupoteza nafasi pale. Kamisheni za hizo fomu nne zihesabu kuwa hazipo, na usizitumie kama zimeshaingia. Hata pasipo kesi, kampuni nyingi huzidai mkataba ukivunjika mapema. Australia wameliweka hilo kwenye sheria tangu Januari 2018: mkataba wa bima ya maisha ukifa ndani ya miaka 2, kamisheni inarudishwa, yote au sehemu. Lakini wakala mwenye leseni safi hupata kampuni nyingine. Aliyefutiwa leseni kwa kughushi majibu ya mteja huulizwa habari hiyo kwenye kila fomu ya kazi atakayojaza, na safari hiyo itabidi ajibu ukweli.

Kwa wale watatu usingoje kwanza umalize na Mama N. Wapigie kesho asubuhi. Muulize kila mmoja kama bima ya zamani bado inalipwa. Yupo atakayekuambia ameshaacha. Huyo mshughulikie kwanza: kampuni nyingi hutoa siku za neema baada ya ada kukosekana, mara nyingi kama 30, na baada ya hapo zipo zinazoruhusu bima iliyokufa ifufuliwe kwa kulipa malimbikizo na kuthibitisha afya. Kila wiki inayopita mlango unazidi kufungwa, kwa hiyo nenda naye mwenyewe mpaka dirishani kwao, hata kama ni kampuni mnayoshindana nayo. Jitambulishe kwa jina lako.

Na ile barua ya kuvunja bima, kama umeshaanza kuiandika rasimu, ichane. Kisha shika simu. Una siku kumi kabla ya makato, lakini Mama N. anaweza kwenda benki leo mchana, kwa sababu bado hajasikia kutoka kwako.

Mwalimu